Alichokiona Mwosha

Kazi ya kuosha maiti ina sharti moja lisilo na mjadala: ukiona jema kwenye mwili wa marehemu, waambie watu, ukiona baya, lizike kabla hujamzika yeye. Mwosha wa mtaa ule alilishika sharti hilo tangu ndevu zake zikiwa nyeusi. Aliwahi kuwaosha watu waliosifika kwa ibada na kumbe wamechorwa picha za ajabu mgongoni, akawaosha na mabingwa wa ngumi waliokutwa na hirizi hadi kwenye vidole vya miguu, na hakuna mjane wala shemeji aliyewahi kumtoa neno. Akisema, "Uso wake ulikuwa na nuru," wafiwa walipata usingizi. Akinyamaza, walitazamana kidogo, kisha mmoja akauliza kama chai imeiva.

Asubuhi ambayo Kimya alikutwa amekufa kwenye kibanda chake nyuma ya soko, hakuna aliyelia. Kimya alikuwa mchukuzi wa mizigo enzi za ujana wake, mtu wa maneno machache, ndiyo maana wakamwita hivyo. Kisha akahukumiwa kwa kumuua dobi wa mtaa, akala jela mpaka mvi zikamwota, akarudi. Tangu arudi alikuwa akifagia ua wa msikiti bila kuombwa na kuwasalimia watu bila kuitikiwa. Huyo dobi aliyeuawa alikuwa baba mzazi wa mwosha.

Imamu alimfuata mwosha nyumbani, akamkuta sebuleni anakunywa chai na mama yake na baba yake mdogo. Hakutaka kukaa.

"Jambo lenyewe ni zito," alisema. "Kimya amefariki. Wewe una haki ya kukataa, wala sitakulaumu."

"Anakataa," alijibu baba mdogo. Yeye ndiye aliyekuwa msemaji wa familia ile tangu kaka yake alipouawa. Alichukua kazi ya udobi, akamlea mtoto wa marehemu, akamsomesha, akamwozesha, na shemeji yake hakuwahi kukosa unga ndani. "Muuaji anataka nini na maji ya heshima? Manispaa ina gari la taka."

Mama alikuwa anatazama ndani ya kikombe chake.

"Nitamwosha," mwosha alisema.

Baba mdogo alimgeukia taratibu, kiwiko cha kushoto kimebana ubavuni kama kawaida yake. Watu walikwisha kuzoea kiwiko hicho; vijana walimtania kwamba anatembea kama mtu aliyeficha mkate kwapani. "Mwanangu, umelogwa?"

"Ni faradhi, baba mdogo. Mtu hazikwi na uchafu wake."

Ni kweli ilikuwa faradhi, lakini nisikudanganye: hakwenda kwa ajili ya faradhi. Alikwenda kuangalia kovu.

Siku baba yake alipouawa, yeye ndiye aliyeingia wa kwanza kwenye chumba cha kupigia pasi, katoka shule na njaa yake. Baba alikuwa amelala chini katikati ya mashati ya watu, kichwa kimepasuka. Makaa yalikuwa yametapakaa sakafuni yanaunguza shuka la mteja. Pasi ya mkaa, ile nzito yenye jogoo wa shaba kwenye kifungo chake na ncha iliyomeguka, ilikuwa imelala kiubavuubavu, na kwenye uso wake kilikuwa kimenata kipande cha ngozi ya mtu, kikubwa kama kiganja cha mtoto. Baba hakuwa ameungua popote. Alikuwa amempiga muuaji kwa pasi kabla ya kuanguka.

Sasa sikiliza kosa ambalo mtoto wa dobi tu ndiye angelifanya. Kwa dobi, pasi haiachwi ipoe na uchafu. Uchafu ukigandia, kesho unatia doa shati jeupe la mtu, na jina la dobi limekwisha. Baba yake alimpigia kelele juu ya jambo hilo tangu akiwa hajui kufunga kamba za viatu. Basi mtoto yule, machozi yamemziba hata haoni vizuri, alichukua majivu na kitambaa akaisugua pasi mpaka ikang'aa. Ndipo baba mdogo akaingia, kavaa koti na jua lote lile, akamwona kaka yake chini, na swali lake la kwanza likawa, "Pasi iko wapi?"

"Nimeisafisha."

"Ilikuwa na nini?"

"Ngozi."

Baba mdogo akamkumbatia kwa mkono mmoja. "Usimwambie mtu, hata mama yako. Watasema umefuta ushahidi, watakufunga na wewe." Halafu akaenda kulala, akashikwa na homa wiki nzima, na watu wakasema kweli damu ni nzito, tazama anavyoteseka kwa kaka yake.

Kimya alikuwa amegombana na dobi siku moja kabla, kwa ajili ya shati lililopotea. Baba mdogo aliapa mahakamani kwamba alimwona akitokea mlango wa nyuma. Kimya alisema, "Sikumuua, Mungu ni shahidi," na tangu hapo hakurudia. Mtoto akakua na picha moja kichwani: mwili wa Kimya, na juu yake alama ya pasi yenye ncha iliyomeguka. Kila Kimya alipomwambia "Assalamu alaikum" pale uani, yeye alikuwa akilitazama shati lake na kupita. Mara moja alimtemea mate miguuni. Kimya aliyafukia kwa mchanga, akaendelea kufagia.

Chumba cha kuoshea kilikuwa nyuma ya msikiti: kitanda cha saruji chenye mteremko mdogo, mfereji wa kutolea maji, bomba moja, ndoo za plastiki na kidirisha cha juu ambacho hata paka hapiti. Mmiminaji alikuwa Mzee Kata, aliyepewa jina hilo kwa sababu kata ya maji haikumtoka mkononi. Hata harusini walimuuliza ameificha wapi.

Walimfunika Kimya stara toka kitovuni hadi magotini, wakamvua chini yake. Mwosha alijifunga kitambaa mkononi, akamsafisha, akamtawadhisha. Kisha akaanza upande wa kulia, kama inavyotakiwa. Bega, mkono, mbavu. Alizikuta alama za kamba za mizigo begani, na mifupa ya mtu aliyekula kidogo maisha yake yote. Kovu la moto hakuliona.

"Kushoto," alisema.

Mzee Kata alimimina. Bega la kushoto, mkono, mbavu. Ngozi ilikuwa nzima. Chini ya stara, mkono wake ulipita bila kukutana na kovu lolote. Akajiambia: mgongoni. Bila shaka aligeuka akimbie, akapigwa mgongoni. Walimwinua kwa ubavu, na maji yakateremka kwenye mgongo ule kama yanavyoteremka kwenye sahani.

"Tuanze tena," mwosha alisema.

"Tumekwisha, bwana. Imebaki ya kafuri."

"Tuanze tena, Mzee Kata."

Wakaanza tena. Katikati ya upande wa kushoto mwosha akaisikia harufu. Haikuwa ya sabuni wala ya maiti. Ilikuwa harufu ya kitambaa kibichi chini ya pasi ya moto, na nyuma yake kwa mbali harufu ya kitu kingine kinachoungua, kitu chenye mafuta. Hakuwa ameisikia tangu siku ile.

"Unasikia harufu?"

"Ya kafuri?"

"Ya pasi."

Mzee Kata alinusa, akacheka kidogo bila raha. "Umeme wenyewe umekatika tangu alfajiri. Nani apige pasi?" Lakini akasogea karibu na ukuta.

Harufu ilikuwa inapita chini ya mlango. Kisha mlango ukagongwa, na sauti ya baba mdogo ikaita kwa upole jina la utotoni la mwosha, ambalo hapa sina haja nalo.

"Umeona nini, mwanangu?"

Mwosha alisimama na kitambaa kinachodondosha maji. Mtu yule alikuwa anakuja kuuliza hali ya mwili wa mtu aliyetaka aende na gari la taka. Alikumbuka koti siku ya jua. Alikumbuka homa. Alikumbuka kwamba katika maisha yake yote, mtoni, kisimani, kwenye joto la kazi ya udobi ambako wenzake walibaki na fulana, hajamwona baba yake mdogo akiwa kifua wazi. Kikulacho ki nguoni mwako, wazee walisema, na yeye alikuwa amelelewa, amelishwa na kubembelezwa na nguo hiyo hiyo.

"Maji yamemtosha," alijibu.

Nyayo zikaondoka, na harufu ikaondoka nazo.

Mwosha aliketi kwenye ndoo iliyopinduliwa, akalia. Alimlilia Kimya, na alilia kwa sababu alimpenda baba yake mdogo, na hilo ndilo lililouma zaidi. Mzee Kata alijifanya anatafuta pamba.

Waliokuja kumswalia Kimya walijaa safu moja, tena kwa kumheshimu imamu. Swala ilipoisha, imamu akawageukia, akauliza kama inavyoulizwa: "Mnamshuhudia vipi marehemu huyu?" Kwa kawaida watu hujibu kwa sauti moja kwamba alikuwa mtu mwema, hata kama marehemu alikuwa mkorofi wa kupigiwa mfano. Siku hiyo hakuna aliyejibu. Mtu mmoja alikohoa, akaona aibu, akaacha.

Mwosha alimtazama baba yake mdogo. Alimpa nafasi, alimtazama muda mrefu kiasi kwamba watu walianza kusogeza miguu. Baba mdogo alitazama mkeka.

"Mimi niliyemwosha," mwosha alisema, "nina jema la kushuhudia. Siku baba yangu alipouawa nilikuta ngozi ya mtu imenata kwenye pasi. Nikaisugua, kwa utoto wangu, nikanyamaza mpaka leo. Aliyemuua baba aliungua. Kimya hana kovu la moto hata moja. Mwili wake ni safi."

Safu ilitikisika. Langoni walikuwa wamesimama kina mama, na mama yake mwosha alikuwa miongoni mwao. Imamu akarudia swali lake kwa sauti ya chini, na safari hii likatoka jibu kutoka pembe moja, kisha nyingine, hadi safu yote: "Mtu mwema." Baba mdogo naye alisema. Mkono wake wa kulia ulikuwa umevuka kifua, umeshika ubavu wa kushoto kwa nguvu, kama anavyofanya mtu aliyeungua sasa hivi. Wengi hawakuona. Mama aliona.

Mtaa ulikuwa na ya kusema. Wengine walidai kovu hufutika, wengine wakasema ngozi ile labda ilikuwa ya dobi mwenyewe, na kinyozi akatoa fatwa tatu zinazopingana kabla ya kumaliza kichwa kimoja. Mwosha alikwenda kwa imamu akamuuliza swali bila kumtaja mtu: aliyemdhulumu mwenzake mpaka akafungwa, mlango wake wa toba uko wapi?

"Haki ya Mungu, Mungu husamehe," imamu alisema. "Haki ya mja husamehewa na mja mwenyewe."

"Na mja akiwa amekufa?"

"Angalau amrudishie jina lake mbele ya watu waliolichafua. Zaidi ya hapo, watakutana huko."

Basi mwosha akaenda kwenye chumba cha udobi. Pasi zilikuwa za umeme siku hizi, lakini ile ya mkaa yenye jogoo ilikuwa bado juu ya rafu, kumbukumbu ya marehemu. Jasho lilikuwa linamtoka baba mdogo hadi kwenye nyusi, na shati lake lilikuwa limefungwa vifungo mpaka kooni.

"Vua shati, baba mdogo. Joto."

"Nina baridi."

"Vua, nione, halafu nikuombe radhi mbele ya mtaa mzima."

Baba mdogo aliendelea kupiga pasi kola ya shati la mtu. "Nimekulea," alisema baadaye.

"Umenilea. Ndiyo maana nimekuja peke yangu." "Serikalini sina cha kupeleka, ushahidi niliusugua mwenyewe. Mimi nataka kitu kimoja tu. Nenda msikitini Ijumaa, waambie Kimya hakutoka mlango wa nyuma. Lisafishe jina lake."

"Tuligombana na baba yako juu ya nyumba ya marehemu babu yako," baba mdogo alisema, kama anamwambia shati. "Maneno ya ndugu. Hasira haina macho." Kisha akainua uso, na uso huo ulikuwa umezeeka mbele ya macho ya mwosha. "Siku yangu ikifika usiniguse. Nizikeni na nguo zangu."

"Hiyo ni heshima ya mashahidi waliouawa vitani, baba mdogo."

"Usiniguse."

Ijumaa ilikuja, na nyingine, na nyingine. Baba mdogo alikaa safu ya nyuma, akatoka kabla ya watu. Walioswali karibu naye walianza kulalamika kwamba kuna mtu anaacha pasi kwenye moto. Walikuwa wanajikagua kanzu zao, hawaoni kitu. Mwosha alingoja. Mwosha huoshwa, watu walimwambia kwa utani siku zote, na hata huyo mwosha alijua kwamba kabla ya zamu yake kuna zamu za wengine.

Mvua za mwaka ule zilikuwa hazijaisha. Wateja walimkuta baba mdogo asubuhi amelala juu ya meza ya kupigia pasi, mikono imenyooka, pasi zote zimepoa. Shati lake lilikuwa limeshonwa. Alikuwa amepitisha sindano na uzi mweusi toka kooni hadi kiunoni, juu ya vifungo, mishono midogo ya karibu karibu, kazi ya fundi mwenye subira. Mficha maradhi, kifo humuumbua. Yeye aliona akishonee kifo mlango.

Wanawe walifika toka mbali wakakumbushia wosia aliowaachia: azikwe na nguo zake. Imamu akakataa katakata. "Shahidi wa vita gani?" Mzee Kata alinong'ona. "Vya sabuni?" Basi wakaamua wamwoshe wenyewe, wamtendee baba yao haki hiyo ya mwisho. Waliingia chumbani wawili, na hawakumaliza hata kujaza ndoo. Walitoka wanasukumana, mmoja anatapika, wakasema kuna kitu kinaungua mle ndani na hawaoni moto.

Mwosha alikunja mikono ya shati lake.

"Mzee Kata, nipe kata. Hili ni la kwangu."

Alifunga mlango. Akachukua mkasi, akamwambia maiti, "Niwie radhi, baba mdogo," akaanza kukata uzi toka juu.

Hapo na mimi nanyamaza, maana sharti ni sharti, na nikimvunjia yeye nitakuwa nimejivunjia mwenyewe. Ninachoweza kusema ni hiki: maji yaliingia ya baridi kutoka bombani, na Mzee Kata aliyekuwa amekaa nje kwenye mdomo wa mfereji aliinua miguu yake ghafla, kwa sababu yalitoka ya moto. Mwosha alikaa mle ndani kuliko alivyowahi kukaa na mtu yeyote. Alimwosha kulia, akamwosha kushoto taratibu kuliko kulia, akampaka kafuri, na alipomvisha sanda aliongeza tabaka la pamba upande mmoja. Kwenye swala, imamu alipouliza, watu walijibu kwa mazoea kwamba alikuwa mtu mwema. Midomo ya mwosha haikufunguka.

Jioni mama yake alimmiminia chai, akaketi mbele yake.

"Umemwosha shemeji yangu?"

"Nimemwosha, mama."

"Maji yamemtosha?"

"Yamemtosha."

Mama alipangusa meza kwa kiganja, mahali ambapo hapakuwa na kitu. "Una jema la kuniambia juu yake?"

Mwosha alitamani kuwa nalo. Alitafuta, Mungu anajua alitafuta: malezi, ada za shule, unga, harusi. Lakini mama hakumuuliza hayo, na wote wawili walijua alichouliza. Alikishika kikombe kwa mikono miwili. Mama alingoja mpaka chai ikapoa. Halafu akainuka, akaenda kulala bila kuuliza kama kuna atakayeongeza.

Asubuhi mwosha alimkosa nyumbani. Alimkuta makaburini, kwenye kaburi la Kimya, kainama na ufagio anaondoa majani yaliyoangushwa na mvua. Alikuwa amefagia hata pembeni, hata njia ya kufikia pale.

"Kila siku alikuwa ananisalimia," mama alisema bila kugeuka. "Kila siku, mwanangu."

Mwosha alivua viatu, akasimama kando yake.

"Assalamu alaikum," alisema.

Wakasubiri, yeye na mama yake, muda ambao mtu husubiri kuitikiwa. Hakuna aliyeitikia.